Wasifu wa Saa Tatu na Wasifu wa Siku Arobaini

Baba mdogo alifariki alfajiri ya Jumatano, na kufika saa tatu asubuhi nilikuwa nimeshashikishwa kalamu. "Wewe ndiye mwalimu," baba mkubwa aliniambia pale uani, vijana wakiwa bado wanashusha viti. "Andika wasifu. Tunazika baada ya Alasiri." Hata kulia nilikuwa sijapata nafasi.

Kwetu Ujiji wasifu si jambo la lazima. Maiti haicheleweshwi, na dua inatosha. Lakini marehemu alikuwa mhandisi wa mitandao ya kompyuta katika chuo kikuu kimoja Dar es Salaam, karibu miaka thelathini, na wenzake wa huko walikuwa wamepiga simu na ombi moja: watu wa Kigoma waambiwe huyu mtu alikuwa nani. Maana majirani walimjua kama mzee mstaafu wa barazani, mwenye redio, anayekwenda Kibirizi kununua migebuka na kubishania bei kama hana pensheni.

Niliandika kwa saa tatu. Nayaeleza makosa yangu kwa sababu tangu siku ile nimehudhuria misiba mingine, na nimemwona mwalimu mwingine, au kijana mwingine "aliyesoma", akisukumiwa kalamu vilevile.

Nilianza kwa kumfuata mama mdogo, mjane, ndani kwa wanawake. Nilichuchumaa mlangoni nikamuuliza kwa sauti ya chini: "Mama, watoto wako ni wangapi, na majina yao kwa mpangilio?" Akanitajia wanne. Nikaandika wanne. Tazameni swali lenyewe: nilisema watoto wako. Yeye alijibu nilichomuuliza, tena huku amefunikwa kanga na macho yamevimba. Sikuuliza watoto wake, wa marehemu.

Miaka ya kazi niliipata kwa baba mkubwa, ambaye alikuwa akijibu simu mbili kwa wakati mmoja. Alisema chuoni aliingia 1984. Mengine nilijaza mwenyewe, na hapo ndipo ualimu wa Kiswahili unapomponza mtu. Niliandika kwamba marehemu "ndiye aliyeleta intaneti nchini Tanzania". Sentensi ilikuwa na mlio mzuri. Iliposomwa, wazee walitikisa vichwa, na mimi nikajisikia nimemtendea haki.

Tukazika. Usiku wa siku iliyofuata likaingia basi la Tabora.

Alishuka dada yetu mkubwa, binti wa ndoa ya kwanza ya baba mdogo. Ndoa hiyo aliifunga Tabora alipokuwa fundi wa Shirika la Posta na Simu, ikavunjika kabla mimi sijazaliwa. Nilimjua dada. Nimekula kwake mara mbili nikiwa safarini, treni inapolala. Lakini katika saa zile tatu hakunijia kichwani hata mara moja, na hilo sina namna ya kulipamba. Alikuwa amesafiri kwa njia ya Kaliua na Uvinza, amekosa mazishi, na alipoingia ndani akakuta mezani, kando ya sinia la chai, nakala ya karatasi yangu. "Ameacha mjane na watoto wanne."

Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja mara nne, akaitia kwenye pochi. Hakusema neno. Nilitamani anitukane.

Kama ingeishia kwenye aibu ningevumilia. Wiki ya pili tulikaa kikao cha familia kumpata msimamizi wa mirathi. Kwa asiyejua: unahitaji cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, unahitaji muhtasari wa kikao wenye majina ya warithi wote na saini za waliohudhuria, ndipo unakwenda Mahakama ya Mwanzo kufungua shauri. Katikati ya kikao jamaa mmoja wa upande wetu, ambaye sikuwahi kumsikia akijali karatasi yoyote, akaitoa ile nakala mfukoni. "Mbona wasifu uliosomwa mbele ya watu wote una watoto wanne?" Akaiweka juu ya mkeka kama mtu anayecheza karata ya mwisho.

Nilisimama. Nikasema karatasi ile niliiandika mimi, kosa ni langu, na kwamba binti yule ni wa ndoa, shangazi aliihudhuria ndoa hiyo na yuko hai. Shangazi akaitikia kutoka kona yake, akataja mpaka mahari. Jina likaandikwa la kwanza. Lakini mama mdogo alikaa wiki nzima bila kuniangalia usoni, akidhani nilikuwa namsingizia kwamba alimficha mtoto wa mwenzake. Ilibidi nimwendee peke yangu, nimweleze jinsi nilivyouliza na jinsi alivyojibu. Kwa hiyo ukipewa kalamu, usiulize nyumba moja. Muulize mjane, halafu muulize dada wa marehemu au yeyote aliyemjua kabla ya ndoa ile, na uliza kwa kumtaja marehemu: watoto wake, wake zake, ndugu zake. Ukikosa uhakika wa idadi, andika "ameacha mjane, watoto na wajukuu". Hiyo haimfuti mtu.

Wakati wa mirathi tuligundua pia kwamba jina la babu limeandikwa kwa H kwenye barua ya ajira ya marehemu na kwa Kh kwenye kitambulisho cha taifa. Herufi moja ilitugharimu kiapo mbele ya hakimu, safari nne za Ujiji na mjini, na siku zangu mbili za kazi. Angekuwa hai angekwenda kula kiapo mwenyewe mara moja na kurudi kunywa kahawa. Waambieni wazee wenu walinganishe majina kwenye karatasi zao. Halafu msimamizi akishateuliwa ana miezi minne ya kurudisha mahakamani orodha ya mali na madeni, kwa hiyo msilale.

Baba mkubwa akasema siku ya arobaini utasomwa wasifu mwingine. Nikapewa kalamu ileile, safari hii na mwezi mmoja na ushee.

Nilianza kwa kumpigia mama mmoja aliyefanya naye kazi chuoni kwa miaka mingi. Nilimsomea wasifu wangu wa kwanza kwenye simu. Nilipofika kwenye "ndiye aliyeleta intaneti" alicheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, bamdogo wako angekurudishia hiyo karatasi na wino mwekundu. Hakuna mtu mmoja aliyeleta intaneti."

Kisha akanieleza, na hapo nikaanza kuona ukubwa wa kitu nilichokuwa nimekifunika kwa sentensi moja nzuri. Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974, na marufuku hiyo ilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kwa hiyo kijana aliyetoka Posta na Simu akaingia chuoni hakukuta mtandao. Alikuta mashine chache za kuhesabika kwa vidole, chumba chenye baridi, na foleni ya wahadhiri. Walichokuwa nacho miaka ya tisini ilipoanza ni modemu, yaani kifaa cha kuipitisha kompyuta kwenye simu, na laini ya simu. Watu wachache, wengine vyuoni, wengine hospitalini, walitumia mtandao wa Fido: ujumbe unakusanywa mchana kutwa, usiku simu inapigwa, mashine zinapeana mizigo, simu inakatwa haraka kabla bili haijauma. Jina la nchi yetu kwenye intaneti, lile la .tz, lilisajiliwa 1995. Bamdogo alikuwa mmoja wa mafundi waliokesha na modemu hizo. Mmoja wa mafundi.

Mama yule akaniambia jinsi bamdogo alivyokuwa akiwaeleza wanafunzi habari ya Fido: "Ni kama Liemba." Wanafunzi wa pwani hawakuelewa, akawachorea ziwa ubaoni. Liemba ni meli ya Ziwa Tanganyika; enzi hizo ilikuwa inatoka Kigoma inashuka kusini mpaka Mpulungu, Zambia. Vijiji vingi njiani havina gati, kwa hiyo meli inasimama majini na mitumbwi inaifuata kuchukua watu na mizigo. Barua yako haiendi siku unayoiandika. Inakwenda siku meli inapopita. Cha muhimu ni mtumbwi uwe tayari. Mimi nimezaliwa kando ya ziwa hilo, meli hiyo nimeipanda, na mfano huo nausikia kwa mara ya kwanza kwenye simu, kutoka kwa mtu aliyeko Dar es Salaam, mwenye mfano akiwa kaburini.

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Alistaafu 2016, akafa 2022. Miaka sita alikaa hatua mia mbili kutoka kwangu. Kila jioni nilipita pale barazani, tukasalimiana, tukazungumza Yanga na bei ya mawese. Nilidhani historia yake ipo tu, kama mwembe.

Mwenye mzee wa namna hiyo amuulize sasa, na asimwambie "nisimulie maisha yako", maana atajibiwa "maisha ni safari ndefu" na mazungumzo yataishia hapo. Ulizia kitu kidogo kinachoshikika. Nilijifunza hili kwa wale wafanyakazi wenzake wastaafu: nilipowauliza alikuwa mtu wa namna gani, wote walisema mchapakazi, mcha Mungu, mpole, yaani maneno ya kila msiba. Nilipouliza "siku mtandao ulipokufa alikuwa anafanya nini kwanza?" wakafunguka kama bomba.

Alikuwa anavua viatu, walisema. Enzi hizo mtandao wa jengo ulikuwa kebo moja nyembamba ya koaksia, inayopita ofisi hadi ofisi kama kamba ya kuanikia nguo, isiyoruhusiwa kuzidi mita 185. Kila mwisho wa kebo kuna kifuniko kidogo cha chuma chenye ukinzani wa omu 50. Kifuniko kimoja kikichomoka, jengo zima linanyamaza. Basi yeye alivua viatu na kutambaa chini ya meza, ofisi kwa ofisi, maprofesa wakiinua miguu. Siku moja alitambaa saa nne, kumbe kifuniko kimechukuliwa na mfagizi aliyekiona kinang'aa, akakifanya pambo la funguo. Wakubwa walitaka mfagizi afukuzwe. Bamdogo akaomba apewe yeye. Akamfundisha kifuniko ni nini, akamkabidhi orodha ya vyote vya jengo avikague kila asubuhi kabla ya kufagia. Mfagizi yule alistaafu akiwa fundi wa kebo. Ndiye aliyenisimulia.

Nusu ya wasifu wa pili niliupata kwenye kabati. Alikuwa na madaftari makubwa ya kaunta, kumi na saba, yenye namba mgongoni. Ndani hakuna shajara, hakuna "leo nimefurahi". Kuna michoro ya majengo, urefu wa kila kebo, tarehe ya kila swichi kuungua na sababu yake. Radi. Panya. Radi. Fundi bomba. Ukurasa mmoja wa 2009 ulinisimamisha. Miaka yote kabla ya hapo chuo, kama nchi nzima, kilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya nje, na setilaiti hizo zimekaa kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe ukienda na jibu likirudi imeshapita nusu sekunde na ushee, hata ununue mashine ya bei gani. Julai 2009 kebo ya SEACOM, iliyolala chini ya bahari, ikaanza kufanya kazi Dar es Salaam. Katika daftari lake kuna namba mbili tu za muda huo wa kwenda na kurudi, kabla na baada, zimeandikwa moja chini ya nyingine, milisekunde 640 na milisekunde 190, na kando yake neno moja kwa herufi kubwa: ALHAMDULILLAH. Katika madaftari kumi na saba hilo ndilo neno pekee nililoliona lisilohusu kazi. Nalo lilihusu kazi.

Tukitaka kuwa wakweli, si kila alichoacha kilikuwa na mpango. Baada ya kustaafu alitufungia mtandao shuleni kwetu bila malipo. Kati ya chumba cha kompyuta na ofisi ya walimu ni mita mia na ishirini hivi. Mkandarasi alitaka kupitisha waya wa shaba, bamdogo akakataa katakata. Shaba haipaswi kuzidi mita mia, akasema, na zaidi ya hapo radi za Kigoma mnazijua. Akaweka faiba, ambayo ni kioo na haipitishi umeme. Mpaka leo radi imeua televisheni ya mkuu wa shule lakini mtandao haujaguswa.

Ila nywila za ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti, alikuwa nazo kichwani peke yake. Wiki tatu baada ya mazishi intaneti ikakatika, tena kipindi cha kusajili watahiniwa. Mwenzangu mmoja alijua pale nyuma ya ruta kuna tundu. Ukichoma na pini na kushikilia, mashine inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Nikamwambia choma. Naam, nywila ikafutika, na pamoja nayo mipangilio yote ya kampuni inayotuuzia intaneti, na anwani za mashine ishirini. Tukakaa siku tano bila mtandao. Walimu wawili walipanda bajaji kwenda mjini kusajili wanafunzi kwenye duka la intaneti, kwa pesa zao.

Nywila ilikuwa kwenye daftari la kumi na saba, ukurasa wa mwisho, imeandikwa kichwa chini miguu juu. Nililifungua siku nane baadaye nikitafuta tarehe ya wasifu.

Kabla ya kuchoma tundu lolote, basi, piga picha kila waya umeingia wapi. Omba kampuni ya intaneti jina la mtumiaji na nywila zao. Pekua madaftari, nyuma ya kalenda, chini ya kibodi. Na kama wewe ndiye fundi mwenyewe, weka bahasha iliyofungwa kwa mkuu wa shule. Vilevile simu ya marehemu: mtoto wake wa mwisho aliichomoa laini siku ya pili ili atumie ile simu, laini ikapotea kwenye pilikapilika. Baadaye tulipotaka kufungua barua pepe yake, ambamo kulikuwa na barua za ajira za zamani, namba ya uthibitisho ilikuwa inatumwa kwenye laini hiyo. Hatujaingia mpaka leo. Simu iachwe na laini yake, iwe na chaji, ikae kwa mtu mmoja. Barua ya ajira tuliipata kwa karatasi, ndani ya Kurani kubwa ya sebuleni. Chuoni aliingia 1987. Si 1984.

Jumla nilitumia karibu laki nne, nyingi zikiwa vocha, nakala na nauli ya kwenda Tabora. Tabora sikutumwa na mtu. Nilikwenda na rasimu ya pili mkononi nikampa dada aisome kabla ya wengine. Alisoma akiwa jikoni, amesimama. Alisahihisha mahali pamoja: nilikuwa nimeandika kwamba baba yake "hakuwa karibu naye". Akasema kila likizo ya shule alipandishwa treni kwenda Dar es Salaam, na kwamba wimbo wa kwanza aliojifunza kwa baba yake ulikuwa wa nyaya. Akauimba, huku anakoroga mchuzi: chungwa na nyeupe, chungwa; kijani na nyeupe, buluu; buluu na nyeupe, kijani; kahawia na nyeupe, kahawia. Ni mpangilio wa nyaya nane ndani ya klipu ya kebo. Mimi nina shahada na siujui. Yeye anauza vitenge na anaujua.

Siku ya arobaini aliusoma yeye. Ulikuwa kurasa mbili, bila "ndiye aliyeleta", na mfagizi alikuwemo, na Liemba ilikuwemo. Watoto walikuwa watano. Mama mdogo ndiye aliyemshikia miwani alipotaka kufuta macho.

Tulipomaliza kula, shangazi akaniita. Amepita miaka themanini na hakuwa ameuliza kitu siku zote hizo. "Umeandika amezaliwa hamsini na sita," akasema. "Nani kakwambia?" Nikamwambia ndivyo vyeti vyote vinavyosema. Akasonya. Mwaka ziwa lilipopanda, akasema, si juzi hapa mwaka 2021, lile la zamani, la 1964, maji yalipoingia mpaka majumbani, ni yeye mdogo wake aliyekuwa akipiga kasia kuwavusha na magunia ya muhogo. "Mtoto wa miaka minane atavusha gunia? Baba alimpunguza miaka ili shule imchukue."

Nilitoa kalamu, kisha nikairudisha mfukoni nikaazima penseli kwa mjukuu. Pale kwenye mwaka wa kuzaliwa niliandika 1953 juu ya 1956, kwa wepesi, bila kufuta wa chini.